Barua ya shilingi sita na barua ya shilingi mia tano

Agosti 1991 mwanafizikia Paul Ginsparg aliwasha kompyuta moja katika maabara ya Los Alamos, Marekani, akaipa anwani ya barua pepe pamoja na skripti za kusoma kila kilichoingia. Mtafiti alituma makala yake kwa barua pepe. Skripti ikaipokea, ikaipa namba, ikaihifadhi, ikawatangazia wenzake. Katikati hapakuwa na karani. Ginsparg alitarajia makala kama 100 kwa mwaka. Miezi sita ya kwanza ilileta 400, mara nane ya kasi aliyoipangia. Hazina hiyo leo inaitwa arXiv na hupokea zaidi ya makala 20,000 kwa mwezi, ingawa siku hizi mlango wake ni tovuti.

Mfano wa pili bado unapumua kwa barua pepe. Mradi wa Debian, unaotengeneza mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, una daftari la hitilafu lililoanzishwa na Ian Jackson mwaka 1994. Ukiona hitilafu, unaandika barua. Skripti inaifungulia namba, na kila atakayejibu kupitia namba hiyo maneno yake yanaongezwa chini. Mwaka 2021 namba hizo zilivuka milioni moja. Inasikika kama furiko, mpaka uigawanye: miaka 27, hitilafu kama 37,000 kwa mwaka, 101 kwa siku. Hata tukisema kila hitilafu ilizua barua kumi, ni barua moja kila dakika moja na nusu. Simu iliyo mfukoni mwako ingeiweza kazi hiyo huku ikipiga muziki.

Nimezianza hesabu huko kwa sababu anayetaka barua zinazoingia ziende moja kwa moja kwenye kanzidata huanza na hofu ya wingi. "Seva itahimili?" Kwa ofisi ya kawaida wingi wenyewe haupo. Upo uzito wa viambatisho, upo msongamano wa usiku mmoja, na zipo barua chache ambazo skripti haikuzielewa. Hizo chache ndizo zinazokula bajeti, na ndizo ambazo hazionekani kwenye makadirio yoyote ya gharama niliyowahi kuletewa mezani.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye namba rahisi ili kila mtu aweze kuzikagua. Mfuko wa ufadhili wa masomo, mahali fulani Tanzania, unapokea maombi kwa barua pepe kwa siku 30. Waombaji ni 12,000. Kila mmoja anaambatisha cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa na barua ya serikali ya mtaa, vyote vimepigwa picha kwa simu, na barua nzima inasafiri na uzito wa wastani wa MB 6. Karani akiifungua, akanakili jina, namba ya mtihani na namba ya simu kwenye jedwali, kisha akahifadhi viambatisho kwenye folda ya mwombaji, tuseme anatumia dakika 6. Saa yake ya kazi tuipe shilingi 5,000. Dola moja tuifanye shilingi 2,500.

Kwa mkono kazi hiyo ni dakika 72,000, yaani saa 1,200, yaani siku 150 za kazi ya saa nane. Gharama ni shilingi milioni 6. Barua moja, shilingi 500.

Milango ya kuipitishia kwenye mashine ni mitatu. Wa kwanza ni seva yako mwenyewe. Programu za kupokea barua kama Postfix, aliyoiandika Wietse Venema akiwa IBM na kuitoa mwaka 1998, hukuruhusu kuandika mstari mmoja kwenye faili la majina ya anwani: `maombi: "|/opt/maombi/pokea"`. Kuanzia hapo kila barua iendayo kwa "maombi" haiingii kisandukuni. Inamiminwa kwenye programu yako, herufi kwa herufi, vichwa na viambatisho pamoja. Mlango wa pili ni kuchungulia kisanduku cha kawaida kila baada ya dakika 5. Hiyo ni mara 288 kwa siku, na barua husubiri dakika mbili na nusu kwa wastani, muda ambao hakuna mwombaji atakayeulalamikia. Mlango wa tatu ni kukodi huduma ya wingu ambayo hupokea barua, huiweka ghalani, kisha huiamsha programu yako.

Nitaipigia hesabu milango yote mitatu kwa bei ya huo wa tatu, kwa kuwa ndio wenye bei iliyoandikwa kila senti. Amazon, kupitia huduma yake ya SES, hutoza dola 0.10 kwa kila barua 1,000 zinazoingia. Barua 12,000 ni dola 1.20. Lakini kuna mstari wa pili ambao wengi huuruka: dola 0.09 kwa kila vipande 1,000, na kipande kimoja ni KB 256 kamili za barua. Barua yetu ya MB 6 ina vipande 24. Mara 12,000, vipande 288,000. Dola 25.92. Ghala la kuweka GB 70 zilizojilimbikiza ni kama dola 1.62 kwa mwezi, kuandika humo ni senti 6, na muda wa programu kufanya kazi (tuseme sekunde 10 kwa barua, ikitumia nusu GB ya kumbukumbu) unakuwa GB-sekunde 60,000, chini kabisa ya zile 400,000 ambazo Lambda, huduma ya Amazon ya kuendeshea programu, huzitoa bure kila mwezi. Jumla dola 28.80. Shilingi 72,000. Gawanya kwa barua 12,000: shilingi 6 kila moja.

Shilingi 6 dhidi ya 500. Wengi wakifika hapa hufunga daftari na kuita mkutano.

Tusiufunge bado. Kwanza, katika zile dola 28.80, dola 25.92 ni za vipande, asilimia 90. Kama waombaji wangeandika maneno matupu, barua ya KB 10 isingefikisha hata kipande kimoja, na gharama yote ingebaki dola 1 na senti chache. Kwa hiyo unacholipia ni picha za vyeti, tena picha zilizonenepeshwa njiani. Kanuni za barua pepe ziliandikwa mwaka 1982 kwa ajili ya maandishi ya Kiingereza yenye herufi za biti 7, na mpaka leo picha husafiri ikiwa imegeuzwa maandishi kwa utaratibu wa Base64: kila baiti 3 hugeuka herufi 4, na kila herufi 76 hufuatwa na alama mbili za kumaliza mstari. Ongezeko ni karibu asilimia 37.

Asilimia hiyo ina madhara yanayoonekana kwa mtu. Postfix ikitoka kiwandani hukataa barua inayozidi baiti 10,240,000. Mwombaji mwenye picha tatu za MB 3 anaona MB 9 kwenye simu yake na anaamini yuko ndani ya "MB 10" zilizotangazwa. Barua yake inafika mlangoni ikiwa na zaidi ya MB 12 na inakataliwa. Kikomo cha kweli kwa mtumaji ni kama MB 7.5, na hicho ndicho cha kuandika kwenye tangazo. Au panua mlango kupita baiti 35,000,000, kwa kuwa Gmail huruhusu viambatisho vya MB 25 na hizo zikishageuzwa Base64 zinavuka milioni 35 kidogo. Binafsi ningeongeza mpaka milioni 40 na kusahau.

Pili, viambatisho vikae wapi? Kanzidata kama PostgreSQL itakubali kumeza picha ndani ya jedwali. Seli moja ya jedwali inaweza kubeba hadi GB 1. Ila angalia bekapu. Maandishi ya maombi yote, KB 5 kila moja, ni MB 60. Ukichukua nakala kamili kila usiku kwa siku 30, una GB 1.8. Picha zilizofunguliwa kutoka Base64 ni kama GB 51. Zikikaa ndani ya kanzidata, nakala 30 za aina hiyo ni zaidi ya TB 1.5, na nakala moja tu kupitia laini ya Mbps 10 inachukua zaidi ya saa 11. Usiku hautoshi. Weka picha kwenye folda, jedwalini andika njia ya kulifikia faili na muhtasari wake wa SHA-256, ambao ni baiti 32 tu na utakuambia pia kama faili lilelile limeletwa na watu wawili.

Sasa usiku wa mwisho, ambao ndio mtihani wenyewe. Wastani wa barua 12,000 kwa siku 30 ni 400 kwa siku, moja kila dakika tatu na nusu. Wastani huu ni uongo wa heshima. Hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo maombi huja kwa mpangilio wa wastani. Tuseme asilimia 40 huja siku ya mwisho, na nusu ya hizo kati ya saa nne na saa sita usiku. Barua 2,400 kwa saa mbili: 20 kwa dakika, moja kila sekunde tatu, MB 2 kila sekunde, laini ya Mbps 16 ikiwa imejaa.

Tuseme skripti yako ina bidii: inapima virusi, inasoma maandishi kwenye picha, inakagua cheti. Sekunde 30 kwa barua. Barua 20 kwa dakika zikikaa nusu dakika kila moja, wakati wowote zipo 10 zinazoshughulikiwa kwa pamoja. Kila programu ikishika MB 250 za kumbukumbu, hiyo ni GB 2.5. Seva ya kukodi yenye GB 2 itaanza kuua programu moja moja, na inaweza kuanza na kanzidata. Kanzidata ikichechemea, sekunde 30 zinakuwa 60, programu 10 zinakuwa 20, GB 2.5 zinakuwa 5. Seva nyingi huanguka hivyo: kazi ileile, imechelewa kidogo, ikajirundika.

Postfix inakuokoa usipoigusa. Kwa anwani moja ya ndani haiendeshi zaidi ya programu 2 kwa wakati mmoja, ndivyo ilivyokuja. Programu 2 za sekunde 30 ni barua 4 kwa dakika. Zinaingia 20, zinatoka 4, foleni inaongezeka 16 kila dakika. Saa sita usiku inapogonga kuna barua 1,920 zinazosubiri, zikiwa zimeshika diski GB 11 na ushei. Baada ya hapo, hata isipoingia nyingine, itachukua dakika 480 kuzimaliza: saa nane kamili, mpaka saa mbili asubuhi. Hakuna iliyopotea. Hapa barua pepe inaishinda fomu ya tovuti, ambayo ikizidiwa humwonyesha mwombaji ukurasa mweupe na kumwacha na wasiwasi wake. Hata diski ikijaa, Postfix huwaambia watumaji "jaribu baadaye", na barua hukaa kwenye seva za Gmail au Yahoo kwa gharama yao.

Namwona fundi atakayepandisha ile 2 iwe 50 "ili mambo yaende". Asifanye hivyo. Agawanye kazi: skripti ya mlangoni ihifadhi barua mbichi diskini, iandike safu moja kwenye kanzidata, itoke. Hiyo ni kazi ya moja ya tano ya sekunde. Programu 2 za namna hiyo hupokea barua 600 kwa dakika, mara 30 ya msongamano wetu mbaya kabisa. Upimaji wa virusi na usomaji wa picha ufanywe nyuma, taratibu, moja baada ya nyingine. Na kwa wanaoitilia shaka kanzidata: waandishi wa kanzidata ndogo ya SQLite wenyewe hukadiria miamala kama 60 kwa sekunde kwenye diski ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika. Ni 3,600 kwa dakika, kwenye diski ya kizamani. Sisi tunahitaji 20.

Kuna namba moja ambayo ningependa ibandikwe ukutani: 75. Programu inapomaliza kazi humwachia aliyeiita namba. 0 maana yake mambo safi. Skripti ya Python ikianguka huacha 1, na Postfix ikiona 1 huchukulia kwamba jambo limeshindikana moja kwa moja. Inamrudishia mwombaji barua yake pamoja na maneno ya mwisho ya programu: mistari ya hitilafu, majina ya mafaili, mara nyingine jina la kanzidata na la mtumiaji wake. Mwombaji wa Kigoma anapokea ukurasa wa siri za seva yako na haelewi kama ameomba au hajaomba. Ukiacha 75, maana yake ni "nimeshindwa kwa sasa", na Postfix itajaribu tena baada ya dakika 5, kisha kwa vipindi vinavyorefuka hadi sekunde 4,000, kwa siku 5.

Siku 5 ni saa 120. Pima na Pasaka: ofisi inafungwa Alhamisi saa kumi na moja jioni na kufunguliwa Jumanne saa mbili asubuhi. Saa 111. Kanzidata ikizimika dakika ofisi inapofungwa, utakuwa na saa 9 za kuirekebisha kabla barua za kwanza hazijaanza kurudishwa. Inatosha, alimradi kuna mtu wa kujua kwamba imezimika. Postfix kwa kawaida yake haimtumii mtumaji onyo lolote la ucheleweshaji, kwa hiyo simu hazitaanza kupigwa mapema.

Barua kujirudia ni suala la zamani kuliko wengi wa wanaolalamika. Februari 1988 Craig Partridge aliandika waraka mfupi, RFC 1047, akieleza kinachotokea: seva inayopokea inachelewa kusema "nimeipata", anayetuma anachoka kusubiri, anatuma tena, na barua moja inakuwa mbili. Kanuni za sasa humtaka mtumaji angoje dakika 10 kwenye hatua hiyo. Dawa ni kuweka kitambulisho cha barua kwenye safuwima isiyokubali kujirudia. Lakini dawa hiyo haimtibu mwombaji mwenyewe, ambaye saa tano usiku hutuma mara tatu kwa wasiwasi, kila barua na kitambulisho chake. Hapo panahitajika kanuni ya ofisi kabla ya kanuni ya kompyuta: kwa kila namba ya mtihani, barua ya mwisho iliyofika kabla ya muda ndiyo inayohesabika.

Barua taka nitazipitia haraka. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilikadiria kwamba mwaka 2023 asilimia 45.6 ya barua pepe zote duniani zilikuwa taka. Kama kisanduku chetu kingefuata wastani huo, maombi 12,000 yangekuja na taka 10,000 hivi. Ada ya kuzipokea ni dola 1, si kitu. Karani wa kuzifuta, sekunde 5 kila moja, ni saa 14, shilingi 70,000. Angalia namba hiyo: inakaribia ada yote ya wingu kwa msimu mzima.

Na hapo ndipo hoja ilipo. Tuseme asilimia 3 ya maombi hayasomeki na skripti. Barua 360, dakika 6 kila moja, saa 36, shilingi 180,000. Mashine nzima iligharimu 72,000. Kila asilimia moja ya barua zisizoeleweka ni barua 120, saa 12 za karani, shilingi 60,000. Ukitumia wiki nzima kutafuta seva ya bei nusu utaokoa shilingi 36,000. Ukishusha makosa kwa asilimia moja umeokoa karibu mara mbili ya hizo.

Kwa nini hazisomeki? Chukua namba ya mtihani ya Baraza la Mitihani, yenye sura ya S0101/0023/2019. Waombaji huiandika kwa nukta, kwa vistari, kwa nafasi, bila sifuri za mbele, au huweka O mahali pa 0. Chukua jina lenye ng'. Alama ile ya juu kwenye kibodi ya kompyuta ni baiti moja. Baadhi ya simu huibadilisha kimyakimya kuwa alama iliyopinda, ambayo kwa UTF-8 ni baiti tatu, na njiani inaweza kuandikwa =E2=80=99, herufi tisa. Skripti isiyoirejesha itahifadhi Ng=E2=80=99wandu. Inayoirejesha itahifadhi jina lililopinda, na karani akitafuta Ng'wandu kwa alama iliyonyooka kompyuta itamwambia hayupo. Kiswahili chote kinatosha ndani ya zile biti 7 za mwaka 1982, isipokuwa hapo. Mistari miwili ya kusawazisha alama hizo kabla ya kuhifadhi inawarudisha watu hao wote.

Kwenye kanzidata ya MySQL kuna mtego mwingine: aina iliyoitwa utf8 haikubali herufi za baiti nne, na mwombaji aliyemalizia barua yake kwa emoji ya mikono miwili ya kuomba hukwamisha safu nzima. Tumia utf8mb4, iliyopo tangu 2010.

Dawa kubwa kuliko zote ni kumjibu mwombaji papo hapo: "Tumesoma jina lako hivi, namba yako hivi, viambatisho vitatu. Kama si sahihi, tuma tena." Majibu 12,000 kwa dola 0.10 kwa kila elfu ni dola 1.20, shilingi 3,000. Yakisababisha nusu ya barua mbovu zisahihishwe na wenyewe, barua 180 hazimfikii karani: shilingi 90,000. Mara thelathini ya gharama yake. Tena anayesahihisha ni yule anayelijua jina lake.

Ila majibu ya mashine yana hatari yake. Mtu akituma kutoka kwenye anwani yenye jibu la "niko likizo", mashine mbili zitaanza kujibizana. Mzunguko wa sekunde 2 ni barua 1,800 kwa saa. Kutoka Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa mbili asubuhi ni saa 62 na barua 111,600, mara tisa ya maombi halisi. Tangu 2004 kuna kichwa cha barua kinachoitwa Auto-Submitted, kilichowekwa na RFC 3834 kwa kazi hiyo. Kiweke kwenye majibu yako, na usiijibu barua yoyote inayokuja nacho.

Neno moja kuhusu anayetuma. Jina lililo kwenye "Kutoka" huandikwa na mtumaji mwenyewe, na anaweza kuandika la mwenzake. Skripti isimwamini mtu kwa mstari huo. Mpe kila mwombaji anwani yake ya kusahihishia, yenye herufi 8 zilizochaguliwa kwa bahati kutoka seti ya 32: michanganyiko ni zaidi ya trilioni moja, na kwa waombaji 12,000 anayebahatisha ana nafasi moja katika milioni 91. Na chochote kilichotoka nje kisipite kwenye amri za mfumo bila kusafishwa; Septemba 2014 udhaifu wa Shellshock ulionyesha kwamba hata anwani ya mtumaji, ikiwekwa tu kwenye mazingira ya programu na bash, programu ya kuendeshea amri, ikaitwa, ilitosha kuendesha amri za mgeni kwenye baadhi ya seva za barua. Vyeti vya kuzaliwa 12,000 viko humo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu, hasa kama ghala ulilokodi liko nje ya nchi.

Je, inalipa? Mpe mtaalamu siku 10 kwa shilingi 150,000: milioni 1.5. Kwa mashine barua moja ni shilingi 6, na makosa ya asilimia 3 yanaongeza 15, jumla 21. Kwa mkono ni 500. Unaokoa 479 kwa barua, na milioni 1.5 inarudi kwenye barua ya 3,131 hivi. Mfuko wetu utatumia shilingi 1,752,000 badala ya milioni 6 msimu wa kwanza, na kama 252,000 msimu wa pili. Ofisi inayopokea barua 600 kwa mwaka imwache karani aendelee; itahitaji zaidi ya miaka mitano kurudisha pesa, na skripti isiyoguswa kwa miaka mitano ni tatizo jingine.

Limebaki jambo la saa. Muda wa mwisho ni saa sita usiku, na foleni yetu imekwisha saa mbili asubuhi. Barua moja ina saa tatu: ile iliyoandikwa na simu ya mtumaji, ambayo anaweza kuibadilisha, ile ambayo seva yako iliandika kwenye mstari wa Received ilipoipokea, na ile ambayo skripti iliishughulikia. Skripti ikihifadhi saa ya kushughulikia, ambayo ndiyo rahisi kuandika, barua 1,920 zilizofika kwa wakati zitasomeka kuwa zimechelewa. Ikichukua saa ya Received lakini ikalinganisha tarehe kwa saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, waliotuma saa nane na nusu usiku watasomeka kuwa waliwahi. Hifadhi saa ya Received pamoja na ukanda wake, na kwenye tangazo la ufadhili waandikie waombaji kwamba ndiyo itakayotumika.